Majina Sita ya Shamba Moja

Mimi sijui kukaa kitako. Hata chakula nakula nimesimama, na marehemu baba alizoea kusema kwamba mwanawe Yakobo alizaliwa njiani na bado hajafika. Kwa hiyo mwaka ule Bwana Dira alipokuja Ipyana kutafuta karani wa kutembea naye, mwalimu wa misheni hakufikiri mara mbili. Alininyooshea kidole mimi. Nadhani alikuwa ameshachoka kuniona nikizunguka darasani.

Jina lake halisi Bwana Dira lilikuwa refu, nasi hatukulihitaji. Alikuwa Mjerumani mpima nchi, mwembamba, mwenye homa za mara kwa mara, na dira yake ya shaba ilining'inia shingoni hata akienda kuoga. Serikali ilikuwa imemtuma achore ramani ya tambarare yetu yote, kuanzia Mto Songwe mpaka Matema, na kutoka chini ya milima hadi ziwani. Kazi tuligawana watatu. Yeye alipima na kuchora. Asegelile, mtu wa Ndandalo, alihesabu hatua: kila akitimiza hatua mia alitoa kokoto moja mfuko wa kulia akaitia wa kushoto, na ole wako umsalimie katikati. Mimi niliandika majina. Kila kijito, kila kilima, kila shamba kubwa, niliandika jina lake, maana yake na nani analima hapo.

Bwana Dira alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Jina haliingii kwenye ramani mpaka litoke katika vinywa viwili, navyo viwe vya watu waliozaliwa mahali hapo au wanaopalima. Jirani hakuhesabiwa, wala mtoto. "Jirani anasema aliyoyasikia," alituambia. "Mimi nataka mtu anayejua."

Tulipofika Bujonde nilikuwa nyumbani, na maneno yakanijaa kinywani. Shamba letu lilikuwa katikati ya vijito viwili, migomba upande wa juu, mahindi na maharage katikati, na bondeni mpunga kidogo, ambao siku zile ulikuwa bado mgeni kwetu. Alilifungua babu yangu mzaa baba, akiitwa Nsajigwa, maana yake aliyebarikiwa, na shamba likachukua jina lake. Hakuna mtu wa Bujonde asiyejua hivyo. Bwana Dira aliniambia kwamba, kwa kuwa pale ni kwetu, kinywa changu hakitahesabiwa wala mimi sitauliza. Atauliza mwenyewe.

Nikacheka. "Bwana, uliza yeyote utakayemkuta shambani. Wote watakutajia jina moja."

Mate hayajakauka mdomoni, majuto yakaingia. Wiki ile wanaume walikuwa wamekusanywa wote kwenda kubeba mizigo ya serikali milimani. Baba na ndugu zake walikwisha kufa, na kaka yangu Ambilikile alikwenda pwani na msafara, hatukusikia habari zake tena. Shambani walikuwemo wanawake sita: mama yangu Marta, na wajane watano wa baba zangu wadogo. Bwana Dira aliwauliza mmoja mmoja, kwa adabu, kofia mkononi. Wa kwanza akamwambia mahali hapa panaitwa Penye Migomba Mirefu. Wa pili akasema Nyuma ya Zizi. Wa tatu, Kwa Baba wa Watu. Wa nne, Kati ya Maji. Wa tano alionyesha kwa kidevu tu akasema Huku Kwetu. Mama yangu, wa sita, alifikiri kidogo, akasema Tulipofikia.

Asegelile alicheka mpaka kokoto zikamwagika. "Yakobo! Umemtuma Mzungu kwa wakamwana wa Nsajigwa akawaulize jina la Nsajigwa?"

Hapo ndipo nilipoona nilivyokuwa mpumbavu. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hakutani naye njiani, hamtazami usoni, na hata mzee akifa jina lake linabaki na heshima ileile. Tunaita kutila. Jina likitamkwa na mtu mwingine mbele yake, hana budi kuchutama palepale na kujifunika nguo kichwani, hata awe amebeba nini. Mambo haya nayajua sana, kwa sababu nilipokuwa mtoto nililipigia kelele jina la babu nyuma ya mama akitoka kijitoni, nikauona mtungi ukianguka na kupasuka. Baba alinichapa mpaka akachoka, kisha akampa fimbo mdogo wake amalizie. Lakini baadaye nilikwenda misheni, nikajua kusoma na kuandika, na wanawake wale wote sita wakabatizwa na kuimba kwamba mambo ya kale yamepita. Nami nikayaamini maneno ya wimbo.

Mchana ule Bwana Dira alifungua ubao wa ramani, akachukua penseli ya njano. Penseli hiyo niliifahamu. Aliitumia kwa nchi isiyo na mwenyewe, na nchi isiyo na mwenyewe ilikuwa ya serikali. Sote tulikuwa tumesikia kwamba kuna mlowezi anayetafuta eneo la kulima pamba karibu na ziwa, tena lenye maji pande mbili.

"Mahali penye majina sita hapana jina," aliniambia. "Na pasipo jina, nitaandikaje mwenyewe?"

"Bwana, lipo jina. Ni desturi tu inayowazuia."

"Labda. Wewe ni mtoto wa hapa, lazima useme hivyo." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na homa ilikuwa inamnyemelea. "Leo Jumatatu. Jumamosi asubuhi nakunja hema, twende Songwe. Ukiniletea vinywa viwili, nitaandika. Usiponiletea, nitapaka."

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Sikukaa. Nilizunguka jiko lake nikimweleza, nikazunguka tena, mpaka akaniambia nitamtia kizunguzungu. Alisikiliza yote: ramani, penseli, mlowezi wa pamba. Alielewa vizuri kabisa. Mikono ilitulia juu ya ndizi.

"Shamba hili ndilo nililolilima tangu nije hapa msichana," alisema. "Baba yako nilimzika hapa. Wanichukulie, niende wapi?"

"Basi mama, ni neno moja tu. Silabi tatu."

"Nimelikwepa tangu siku niliyoletwa, mwanangu. Sijalitaja hata ndotoni."

"Umebatizwa, mama!"

"Maji yalimwagwa kichwani. Mdomoni hayakufika."

Hakuwa anafanya mzaha. Hata kanisani, neno letu la kubariki likifika katika sala, mama alifumba mdomo, kwa kuwa linakaribiana na jina la mzee. Mchungaji aliwahi kuniuliza kwa nini mama yangu anazikataa baraka. Nilimwambia ana jino bovu.

"Shangazi yako yuko hai," mama alisema alipoona napiga teke kuni. "Yeye ni binti wa nyumba hii. Kinywa chake hakina mlango. Nenda Ikombe ukamlete."

Nilitoka jua bado liko juu. Nilipita kandokando ya ziwa siku hiyo na siku ya pili yake, nikivuka vijito hadi kifuani, nikila ndizi mbivu huku natembea, na kila niliyemsalimia nilikuwa nimeshampita kabla hajajibu. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma na mawimbi yalikuwa makubwa. Pale Matema nilimsihi mvuvi mmoja wa kabila la Wakisi anivushe kwa mtumbwi wake mpaka Ikombe, maana milima pale inaingia majini na njia ya miguu ni ya mbuzi. Alikubali asubuhi ya Jumatano. Katika mtumbwi, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, ilinibidi nikae, na nilikaa vibaya, nikautikisa, hadi mwenye mtumbwi akanitishia kunitupa.

Shangazi Angetile aliolewa na Mkisi tangu zamani, akajifunza kufinyanga kama wanawake wa huko, na sasa alikuwa mjane mwenye mikono ya rangi ya udongo. Nilimkuta anapanga vyungu juu ya majani makavu, tayari kuvichoma.

"Ugonile, shangazi," nilimwamkia.

"Ndaga. Ng'ombe wangu hajambo?"

Ng'ombe wake alikuwa mama yangu. Ng'ombe waliotolewa shangazi alipoolewa ndio waliopelekwa kwao mama, baba akapata mke. Tangu hapo shangazi alimwita ng'ombe wangu, na mama aliitika bila kununa. Walipendana wawili hawa, kwa jinsi watu wanavyopendana wakionana mara moja kwa miaka minne.

Nilimweleza shida nikiwa nimesimama. Akasema, "Nitakuja. Nikimaliza kuchoma."

"Shangazi, Jumamosi asubuhi!"

"Chungu hakikimbizwi. Ukiondoa moto mapema kinapasuka, na mimi nitakuwa nimefinyanga mwezi mzima kwa ajili ya vigae. Kaa. Au basi, zunguka kama ulivyozoea, lakini uniletee majani."

Nikaleta majani. Nikaleta kuni. Nilizunguka ule moto mpaka watoto wa Ikombe wakaja kunitazama. Alasiri tu ndipo alipovitoa vyungu kwa mti mrefu, kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole na kusikiliza. Kimoja hakikumpendeza, akakiweka kando. Kisha akanitazama mimi kwa jicho lilelile.

"Sikiliza, mwana wa kaka yangu. Mimi nitalitaja jina la baba yangu mbele ya Mzungu, ni haki yangu. Lakini nitalitaja mbali na mama yako na wenzake. Na wewe usithubutu kulipeleka mbele yao. Ile si kazi ya ramani."

"Nimesikia."

"Umesikia kwa masikio. Haya, beba chungu hiki, ni cha mama yako."

Jumamosi jua linachomoza tulikuwa Bujonde. Shangazi alitembea haraka kuliko nilivyotarajia, tena akinitania njia nzima, lakini miguu yake ilivimba na mimi nililala macho siku zote tatu. Kambini hema lilikwisha kukunjwa. Wapagazi, watu wa mbali wasiojua lugha yetu, walikuwa wanafunga mizigo, na askari mmoja alikuwa akiwahimiza. Bwana Dira alikaa juu ya sanduku, mashavu mekundu kwa homa, ubao wa ramani magotini. Penseli ya njano ilikuwa imechongwa.

Shangazi alisimama mbele yake, mkono kiunoni. "Pale kati ya vijito viwili ni Nsajigwa. Ndiye aliyepasafisha, ndiye aliyenizaa, na mimi nilizaliwa palepale." Nikafasiri neno kwa neno, bila kuongeza hata nukta. Bwana Dira alimwuliza maana ya jina, akamwuliza mipaka, akaandika. Aliridhika, niliona.

"Kinywa kimoja," akasema. "Wa pili ni nani?"

Shangazi akasema kwamba wanaolima pale ni wakamwana, na wakamwana hawatasema, na hiyo yenyewe inatosha kuonyesha jina ni la nani. Nilifasiri. Bwana Dira akatikisa kichwa, siyo kwa ubaya. "Mtu asiyesema, nitamwandikaje?" Akatazama jua. Akanyoosha mkono kuchukua penseli.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na mimi nimelisikia mara elfu. Lakini nilipouona ule mkono ukienda kwenye ile penseli, kila kitu ndani yangu kilikimbia mbele.

"Bwana!" nilisema. "Hawawezi kulitamka, lakini wanaweza kukuonyesha. Njoo shambani, ulitamke wewe. Utaona mwenyewe kama ni la baba mkwe wao au si lake."

Nilisema kwa Kiswahili, lakini shangazi alinielewa kwa sura yangu tu. Akanishika kwapani. "Yakobo." Nikajinasua. Bwana Dira alikwisha simama, homa na yote, kwa maana alipenda kitu kinachoweza kujaribiwa.

Wanawake sita walikuwa wamejipanga mstari, wanalima matuta ya maharage. Mama alikuwa wa pili kutoka mwisho. Aliponiona aliinua kichwa, akamwona shangazi nyuma yangu, akatabasamu. Alidhani mambo yamekwisha. Bwana Dira alisimama ukingoni mwa shamba, wapagazi na askari wakajikusanya njiani kutazama.

Alikuwa mtu wa akili, sitamnyima hilo. Hakuanza na jina lenyewe. Alianza na majina ya wapagazi wake na watu wengine aliowajua, kwa sauti kubwa, akitua kati ya jina na jina. "Ezekia!" Wanawake wakatazamana. "Hezroni!" Mmoja akasema huyu Mzungu anamtafuta mtu. "Ambokile! Lazaro!" Wakarudi kwenye majembe yao.

"Nsajigwa!"

Majembe sita yakaanguka. Wote sita wakaenda chini pamoja, kaniki vichwani, nyuso kwenye udongo. Aliyekuwa na kibuyu cha maji alikiachia, maji yakamwagika mpaka magotini mwake, hakusogea.

Bwana Dira macho yalimng'aa. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitaka kuruka. Shamba limepona, nilijiambia, na wala hakuna aliyevunja kitu. Niligeuka kumtazama shangazi, lakini yeye alikuwa amenipa mgongo.

"Umeona, Bwana! Sasa andika."

"Bado," alisema. "Kipimo kimoja si kipimo."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku zote, na mimi nilijua. Kila pembe aliipima mara tatu, kila mlima aliulenga mara tatu. Akasubiri wanawake wainuke, wajipanguse, washike majembe. Akataja majina mengine matatu. Kisha akalitaja tena. Wakaenda chini. Njiani mpagazi mmoja alicheka, na wenzake wakamfuata. Bwana Dira aliandika kitu, akasubiri, akalitaja mara ya tatu. Safari hii mke wa baba yangu mdogo, mwenye goti bovu, alianguka ubavu, na walipoinuka wengine yeye hakuweza.

Hapo angefunga kitabu, nina hakika. Lakini wapagazi walikuwa wameona mchezo. Mmoja wao akapaza sauti, "Nsajigwaaa!" na wanawake wakachutama. Askari akalisema, akashika mbavu kwa kicheko. Mwingine akalisema, na mwingine. Bwana Dira aliwakemea kwa Kijerumani wakiwa hawasikii kitu, naye akashikwa na baridi ya homa, akaegemea mgomba. Sasa hata kuinuka hawakuinuka tena wanawake wale. Walibaki chini, na kila jina lilipotamkwa walijikunja zaidi.

Mimi nilikuwa nimesimama na penseli sikioni. Ningeweza kusema basi. Ni neno moja, silabi mbili. Sikulisema, kwa sababu ubao wa ramani ulikuwa bado haujaandikwa, na niliogopa nikivuruga jambo sasa tutakosa vyote. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimeigeuza miaka yote hii na sijaipata nyingine.

Mama aliinuka. Aliondoa kaniki kichwani, akaifunga kiunoni vizuri, mafundo mawili. Akapita juu ya tuta, akawapita wenzake waliojikunja chini, akaja hadi mbele ya Bwana Dira, karibu kuliko mtu yeyote wa kwetu alivyothubutu kumkaribia. Hakunitazama mimi. Lakini aliyesemeshwa nilikuwa mimi.

"Mwambie huyu aandike. Hapa ni Nsajigwa."

Hakushusha sauti. Alilitamka vizuri kuliko sisi sote, kila silabi mahali pake, kama mtu aliyekuwa amelibeba kwa muda mrefu akiogopa lisimwagike. Kicheko kikakatika njiani. Nyuma yake wale watano wakaangua kilio, kilio kilekile tunachopiga mtu akifa, na wawili wakaziba masikio wakiwa wamechelewa.

"Kinywa cha pili," alisema Bwana Dira polepole. Akaandika kwa wino mweusi, akapuliza, akafunga. Alimpa mama mkono. Mama hakuuona, au hakutaka kuuona.

Hakurudi kwenye tuta lake. Hakuingia nyumbani kuchukua hata kitu. Jembe lililala pale lilipoanguka. Nilimfuata nikisema mama, mama, tumeshinda, shamba ni letu, hakuna atakayeligusa, mpaka maneno yakaniishia.

Shangazi ndiye aliyemshika mkono. "Twende, ng'ombe wangu," alimwambia. "Huwezi kula cha hapa tena." Mama akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alilijua hilo kabla ya kufungua kinywa. Mkamwana aliyelitaja jina la mzee hali tena kilichoota katika udongo wa mzee. Sikuwa nimelisahau hili pia. Nilikuwa tu sijalifikia, pamoja na haraka yangu yote.

Niliwasindikiza hadi kijitoni. Mama akageuka hapo.

"Usinifuate. Wewe unakwenda Songwe."

Nikaenda Songwe.

Mlowezi wa pamba hakuja Bujonde. Alipewa mahali pengine, sikuuliza wapi. Wale watano waliendelea kulima, na watoto wao wakalima, na tuta la mama waligawana bila kunishirikisha, nami sikulalamika. Kila mara nilipopata nafasi nilikwenda Ikombe. Nilimkuta mama amekaa na shangazi, udongo hadi viwikoni. Vyungu vyake vya kwanza vilipinda, shangazi akamcheka, vya baadaye vikanyooka. Mara moja tu nilimwomba arudi.

"Mama, njoo nyumbani. Ni wewe uliyeliokoa lile shamba."

"Ndiyo, nimeliokoa," alisema. "Wenzangu wanakula. Lakini pale mimi nilikuwa na kazi moja, Yakobo, kulitunza lile jina. Nimelitoa. Nikarudi nikae pale nikitunza nini?"

Nikaenda kuzunguka ufukweni.

Mwaka wa 1916, wakati wa vita, Waingereza walivuka Songwe na Wajerumani wakaondoka bomani kwa haraka kubwa. Nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimeajiriwa kuandika barua, na siku mbili zile karatasi zilipeperuka uani bila mwenyewe. Kati ya hizo niliona ramani, kipande chetu, kimepigwa chapa Ulaya kwa rangi. Nikakitafuta kile kidole cha nchi kati ya vijito viwili. Lilikuwepo. Herufi ndogo, nyeusi, bila kosa hata moja. Hapakuwa na rangi ya njano karibu yake. Hapakuwa pia na Tulipofikia, wala Huku Kwetu, wala Kati ya Maji.

Niliikunja nikaitia kifuani, nikashuka milima, nikapita kandokando ya ziwa, siku tatu bila kupumzika vizuri. Nilitaka aione. Sijui nilidhani itamfanya nini. Labda nilitaka aniambie kwamba ilistahili.

Mama alikuwa amezeeka ghafla. Alikuwa anafinyanga ukingo wa chungu, akizunguka yeye badala ya chungu, kama wafanyavyo wanawake wa kule. Alisimama aliponiona. Nikaitandaza ramani juu ya jiwe.

"Hili ni ziwa," nilimwambia. "Hii ni Ikombe, hapa tulipo. Na hapa ni..." Nikanyamaza.

"Na hapa ni kule," alisema mama.

"Ndiyo."

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa, mama. Watu wa Ulaya wote wanaweza kulisoma."

Aliinama, akatazama kwa makini. Mama yangu hakujua kusoma. "Ni lipi?"

Nikamwonyesha kwa ukucha. Akaliangalia lile doa jeusi kwa muda. Kisha akaweka kidole gumba juu yake, kikiwa na udongo mbichi wa chungu, akakandamiza, taratibu, kama anavyoziba ufa. Alipokiondoa hapakuwa na jina, palikuwa na udongo tu.

"Haya," alisema. "Sasa kaa chini ule."

Nikakaa. Udongo ulikauka juu ya karatasi tulipokuwa tunakula. Ramani ninayo mpaka leo. Mara nyingi nimechukua kisu nikataka kuukwangua, nione kama jina bado lipo chini yake. Sijaukwangua.